Matairi Yaliyosifiwa kwa Sauti Yangu

Rafiki yangu aliyaleta matairi yale manne asubuhi moja ya kiangazi, mawili kwenye buti na mawili yamekalia kiti cha nyuma kama abiria. Nilikuwa naosha pikapu mbele ya nyumba yangu pale Mpemba. Alishuka, akausukuma mlango kwa nyonga ukajifunga, akaniambia, "Mwenzangu, leo sijaja kukuuzia kitu. Nimekuja kukuomba kazi."

Niseme kwanza huyu rafiki alikuwa nani kwangu. Tulikaa dawati moja shule ya msingi huko Mbebe, kwetu Ileje, tukachota maji kijito kimoja na kuchapwa kwa makosa yale yale. Siku ya harusi yangu alikuwa mpambe wangu. Ndiye aliyenishikia maua nilipokuwa nasaini cheti. Mume wangu alipofariki, pikapu yake ilikaa uani miezi mingi, kuku wakitaga chini yake, na mashemeji zangu wakaanza kuleta wanunuzi mmoja mmoja. Rafiki yangu ndiye aliyewakatalia. "Gari hili haliuzwi," aliwaambia, mimi nikiwa nimekaa kimya na kitenge changu cha msiba. Kisha akanigeukia. "Utajifunza. Kuna mtu alizaliwa anajua kuendesha?" Akakaa pembeni yangu kwenye uwanja wa mpira wiki nzima nikijifunza kurudi nyuma, na nilipoligonga goli hakucheka. Kama kulikuwa na mtu ambaye ningemfuata nimefumba macho, ni yeye.

Sasa alikuwa amefungua duka la matairi kando ya barabara kuu, pale foleni ya malori ya kwenda mpakani inapoanza kusimama. Yale manne yalikuwa ya jina jipya, jina lililoandikwa ubavuni kwa herufi kubwa nyeupe, na tangazo lake lilikuwa limeshaanza kusikika redioni. Lilidai mambo matatu: kwamba tairi lile halichaniki kwa jiwe, halitelezi kwenye tope na halichoki kwa mzigo.

"Watu wa huku wamechoka na maneno," rafiki yangu aliniambia. Alikuwa amekaa kwenye ndoo niliyoigeuza, anakunywa uji wangu. "Kila tairi lina tangazo lake. Nataka mtu anayejulikana hasemi uongo ayatembeze mwaka mzima, kisha aseme alichokiona. Wewe soko zima la Tunduma wanajua ukiuza gunia la viazi unalimwaga mpaka chini mtu aone."

"Na nikiona ni mabaya?"

"Sema ni mabaya."

"Hata redioni?"

"Hata redioni," akasema. "Mimi nitajua la kumjibu wakala anayeniletea."

Nikayachukua. Sasa naona kwamba hapo ningepaswa kuuliza maswali mengine, lakini mtu humuulizaje maswali mtu aliyemshikia maua?

Kazi yangu ilikuwa kubeba ndizi, maharage na viazi kutoka Ileje kupeleka Tunduma, na mara mbili kwa mwezi kushuka navyo Mkwajuni, ambako wachimbaji wa dhahabu wananunua chakula bila kubishana sana. Kwa hiyo majaribio yote matatu ya tangazo nilikuwa nayo. Tope lilikuwa kwetu, ukiacha lami na kuanza kupanda kwenda mashambani. Mawe yalikuwa ya Mkwajuni, meupe na makali, yale yanayomwagika kutoka kwenye malori ya wachimbaji na kubaki njiani yamesimama kama meno. Mzigo ulikuwa wa kila siku.

Nilinunua daftari la shule. Kila Jumamosi, kabla sijaingia kanisani kufanya mazoezi ya kwaya, nilikuwa napiga magoti na kuchomeka njiti ya kiberiti kati ya meno ya kila tairi, naweka alama ya kalamu pale linapoishia, kisha naipima njiti kwa rula na kuandika. Niliandika pia nilikopita, nilichobeba, na kama mvua ilinyesha. Wanakwaya wenzangu walinizoea. Mmoja alikuwa ananiuliza, "Wagonjwa wako wanaendeleaje leo?" nami namjibu kwamba joto limeshuka.

Masika ile nilipanda kilima cha nyumbani mara ambazo sikuzihesabu. Siku moja nilikuta malori mawili yamekwama na watu wamekaa kando wanasubiri trekta, nami nikapita pembeni yao na magunia ya maharage nyuma, gari linayumba kidogo lakini linakwenda. Dereva mmoja alivua kofia. Huko Mkwajuni jiwe lililipiga tairi moja ubavuni, nikashuka nikiwa na uhakika kwamba tairi limekwisha. Kumbe lilikuwa limechubuka tu kama mtu aliyejikuna. Niliandika hayo yote. Niliandika na mabaya: kwamba kwenye lami yalikuwa yanaunguruma kama mashine ya kusaga, mpaka usikie redio lazima uongeze sauti, na kwamba lami ikiwa na mvua ya kwanza yalitaka upunguze mwendo mapema kuliko matairi yangu ya zamani.

Mwaka ulipokwisha nilimpelekea daftari. Alilifunua kurasa mbili tatu, akalifunga, akanirudishia, akanikumbatia.

Tulirekodi stoo nyuma ya duka, kwa sababu mbele kelele za malori zilikuwa nyingi. Kijana wa redio alikuja na karatasi ya maneno ya kusoma. Nikakataa kuisoma. Nikaegemea rundo la matairi mapya yaliyofungwa karatasi, nikasema kwa maneno yangu mwenyewe: kwamba mimi ni mama ninayebeba mazao, kwamba nimetembea nayo mwaka mzima kutoka Ileje mpaka Mkwajuni, kwenye tope na kwenye mawe, hayajaniangusha. Nikaongeza habari ya muungurumo na ya lami yenye mvua. Rafiki yangu alikuwa amesimama mlangoni na mikono yake kifuani, anatabasamu.

Tangazo lilipotoka, muungurumo haukuwemo, na lami yenye mvua haikuwemo. Nilimpigia simu.

"Dada, tangazo ni fupi," alisema. "Mtu ataimba wimbo wenye beti kumi? Wamechukua kiitikio."

Nikacheka. Nilikubali kirahisi, na huo ni mzigo wangu mwenyewe, si wake.

Baada ya hapo sauti yangu ilikuwa kila mahali. Ilikuwa redioni asubuhi watu wanapokunywa chai. Ilikuwa kwenye gari la matangazo lenye spika mbili juu, lililozunguka minada yote. Picha yangu, nimeweka mkono juu ya boneti, ilitundikwa mbele ya duka, kubwa kuliko mlango wa nyumba yangu. Sokoni watoto wa wenzangu waliniita Mama Hayajaniangusha. Wazambia wanaovuka kununua viazi, waliozoea kunisalimia "mulishani" na kuendelea na safari, sasa walikuwa wanasimama kuniuliza habari za matairi. Nikisema sikufurahi nitakuwa naongopa. Nilianza kufunga kilemba vizuri zaidi kabla ya kutoka.

Mtu wa kwanza kunilalamikia alikuwa dereva wa gari la abiria la kwenda Vwawa. Alinikuta kituo cha mafuta. "Mama, matairi yako yametoa nundu," akasema, akanionyesha. Kweli ubavuni palikuwa na uvimbe kama ngumi. Nikamuuliza anajaza upepo kiasi gani, anabeba watu wangapi, nikamwambia barabara ile ina mashimo na yeye ana haraka. Alinitazama kidogo, akapanda gari lake, akaondoka.

Wa pili alikuwa mama anayesambaza unga. Matairi yake yalikuwa yamekuwa kipara kabla hata ya mavuno. Naye nikamjibu vile vile. Nilimwambia alete daftari lake tulinganishe na langu, nikijua fika kwamba hana daftari. Namkumbuka alivyoshika funguo zake, akasema taratibu, "Basi labda ni mimi."

Kisha ikawa zamu ya Mwalimu.

Mwalimu alitufundisha mimi na rafiki yangu kusoma. Amestaafu zamani, ana shamba la kahawa na migomba huko Mbebe, na pikapu kuukuu ya aina kama yangu. Siku hiyo alikuwa anateremka na mke wake na magunia ya kahawa. Tairi la mbele la kushoto lilipasuka kwenye mteremko. Aliushika usukani kwa nguvu zote za mtu wa umri wake, gari likatoka barabarani, likalalia ubavu ndani ya migomba ya jirani. Migomba ndiyo iliyowaokoa. Mwalimu alitoka na michubuko. Mke wake alivunjika mkono mahali pawili.

Nilipata habari mchana nikiwa sokoni, nikapanda moja kwa moja mpaka hospitali. Nilimkuta Mwalimu amekaa kwenye benchi nje ya wodi, shati lake lina damu kidogo na majimaji ya mgomba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Kaa."

Nikakaa. Nikampa pole, nikamuuliza habari za mama, akanieleza. Nilikuwa najiandaa kuuliza habari za upepo na mzigo, maneno yalikuwa yamefika kabisa mdomoni, aliposema yeye.

"Mimi redio siiamini. Mama yako aliye wodini anajua. Nilitaka kununua matairi ya mtumba kama siku zote." Alikuwa anazungumza bila kunitazama, kwa sauti ile ile aliyokuwa anasahihishia hesabu ubaoni. "Nikakusikia wewe. Nikamwambia mke wangu, huyu ni mtoto wangu wa darasani, huyu alikuwa akikosea anasema nimekosea. Tukanunua."

Aliingia ndani kumwona mke wake, nami nikabaki na benchi.

Kesho yake nilienda nyumbani kwake kuitazama pikapu, ilikuwa imeshavutwa mpaka uani. Nilikuwa na daftari langu na njiti. Matairi matatu yaliyobaki yalikuwa na jina lile lile, herufi zile zile nyeupe. Alikuwa ameyafunga miezi mitatu iliyopita. Nilichomeka njiti, nikapima, nikafungua daftari kutafuta namba hiyo. Niliikuta ukurasa wa mwisho kabisa. Mahali ambapo yangu yalifika kwa mwaka mzima na Mkwajuni ndani yake, haya yalikuwa yamefika kwa miezi mitatu ya kupeleka kahawa mnadani na watu wawili kanisani.

Nilimwomba Mwalimu lile lililopasuka, nikalipakia, nikashuka nalo Mpemba kwa fundi wa pancha.

Yule fundi ni mzee wa Kondoa, amekaa pale kando ya barabara miaka mingi na mashine yake ya upepo na karai la maji. Ndiye aliyekuwa akiziba pancha za mume wangu. Nilimwamkia, nikamshushia tairi la Mwalimu, nikamwambia alilinganishe na yangu yaliyo kwenye gari. Hakulitazama hata. Alinitazama mimi.

"Mama, unataka nikwambie, au unataka nikuonyeshe?"

"Nionyeshe."

Alichukua kisu chake kirefu, akakichovya kwenye maji ya sabuni, akalikata lile tairi lililopasuka kutoka mdomoni, panapobana rimu, mpaka kwenye meno. Akaufungua ule mkato kwa vidole kama mtu anayefunua kitabu. Ndani palikuwa na waya tabaka moja, nyembamba, na mpira mwembamba juu yake. Kisha akaniita kwenye gari langu, akapangusa vumbi ubavuni mwa tairi kwa kitambaa chenye mate, chini kabisa karibu na rimu, akanionyesha maandishi madogo ya Kiingereza ambayo sikuwahi kuyaona.

"Hapa pameandikwa lina tabaka ngapi. Lako: waya mbili, na juu yake nailoni mbili. Sasa soma la Mwalimu."

Nikasoma. Waya moja, nailoni moja. Hata nchi lilikotengenezwa haikuwa ile ile. Jina kubwa jeupe tu ndilo lililokuwa moja.

Nilichuchumaa pale nikayasoma yale maandishi mara ya pili na ya tatu. Mwaka mzima nilikuwa napiga magoti kila Jumamosi mbele ya tairi lile na njiti ya kiberiti, na kumbe lilikuwa limeandika lenyewe, kiganja kimoja chini ya macho yangu, lilivyo.

"Mzee," nikamuuliza, "hili ulilijua lini?"

"Tangu yalipoanza kuja kwa pancha. Miezi sita, saba."

"Mbona hukuniambia?"

Aliosha kisu chake, akakiweka kwenye kopo. "Mama, ungekuwa mimi ungesemaje? Picha yako iko pale, kubwa. Sauti yako iko redioni. Mimi nilijua wewe unajua. Nikasema labda na yeye ana fungu lake." Akapangusa mikono yake. "Unisamehe. Nilikudhania."

Hilo liliniuma kuliko tairi. Mtu aliyekuwa ananiona kila siku, ambaye nilimwachia ufunguo wa gari bila wasiwasi, alikuwa ameniona mwizi kwa miezi saba na kuendelea kunisalimia kwa adabu.

Nilikwenda dukani kwa miguu, ni karibu. Nilipita chini ya picha yangu mwenyewe kuingia. Rafiki yangu alikuwa na wateja wawili, nikasubiri mpaka walipoondoka. Nikaweka kile kipande cha tairi kilichokatwa juu ya meza yake.

"Hili ni la Mwalimu," nikamwambia. "Mama amevunjika mkono."

"Nimesikia. Nilikuwa napanga kwenda Jumapili."

"Ndani lina waya moja. Yangu yana waya mbili."

Hakushangaa, na mimi mpaka dakika ile nilikuwa nimemwachia nafasi. Njiani nilikuwa nimejiambia labda wakala amemdanganya na yeye, labda tutalia pamoja, labda tutakwenda wawili kumshika huyo wakala.

"Yale manne yalikuwa sampuli," alisema. "Daraja la juu. Nilipoagiza mzigo nikaona watu wa huku hawataweza kuyanunua, nikaagiza daraja la chini. Jina ni lile lile, dada. Sikubandika mimi hilo jina. Na kila kitu kimeandikwa pale ubavuni, sijafuta hata herufi moja."

"Uliagiza lini?"

Akaanza kupanga risiti zake.

"Nakuuliza, uliagiza lini?"

"Wewe ulikuwa katikati ya mwaka wako wa kuyajaribu."

"Siku ile narekodi, mzigo ulikuwa wapi?"

Akanyanyua macho kuelekea mlango wa stoo. Nikakumbuka lile rundo nililoliegemea, karatasi zilivyokuwa zinachakarika nikizungumza, na yeye mlangoni anatabasamu. Nilikuwa nimeyaegemea yale yale, nikawaambia watu habari za mengine.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ningekwambia usingerekodi."

"Ndiyo. Nisingerekodi."

"Na wewe hukusema uongo," akasema, na alikuwa ananisihi sasa, ameinamia meza. "Ndiyo maana sikukwambia. Nilikuacha na ukweli wako. Ulisema kweli kuhusu matairi yako. Dhambi kama ipo ni yangu, si yako."

Nadhani alilisema hilo kwa wema. Mpaka leo nadhani hivyo. Alikuwa amenitengea ukweli kama mtu anavyomtengea mwenzake nyama. Nilimwambia ashushe picha na asimamishe tangazo. Akasema sawa. Nilitoka sikumuaga.

Picha ilishushwa wiki ile. Niliamini na mengine yamekwisha. Kisha nikashuka Mkwajuni na ndizi, siku ya mnada, na kabla sijazima gari nikaisikia sauti yangu. Lile gari la matangazo lilikuwa limeegeshwa karibu na wauza vipuri vya pikipiki, spika mbili juu, nami nikiwa ndani yake nasema hayajaniangusha. Nilikwenda kwa dereva.

"Zima hiyo. Mimi ndiye mwenye hiyo sauti."

Alinitazama, akatabasamu kwa heshima. "Kweli ni wewe, mama. Lakini mimi nimepewa kupiga tu. Mpaka aliyenituma aseme."

"Basi nipe kipaza sauti nizungumze."

"Hicho ndiyo siwezi kabisa, mama."

Nikapanda juu ya ndizi zangu. Sijui nilipata wapi ujasiri, mimi ambaye kwenye kwaya nasimama mstari wa nyuma. Nikawaambia watu waliokuwa karibu kwamba sauti wanayoisikia ni yangu, kwamba nilichokisema kilikuwa kweli kwa matairi niliyopewa mimi, na kwamba yanayouzwa ni mengine. Niliwaambia wainame wasome maandishi madogo karibu na rimu. Wakati wote huo spika ilikuwa inanijibu kwa sauti yangu mwenyewe, nzuri na tulivu kuliko hii niliyokuwa nayo juu ya ndizi. Watu walisogea. Wengine walicheka. Mwanamume mmoja mwenye pikipiki alimwambia mwenzake, nami nikasikia, "Wameshindwana kwenye mgao hawa." Wenzake wakaitikia kwa vichwa, kama mambo sasa yameeleweka.

Nilishuka nikauza ndizi zangu. Watu wawili tu walikuja kuniuliza yale maandishi yako wapi hasa.

Baada ya hapo niliacha kupiga kelele, nikaanza kuwafuata watu mmoja mmoja. Nilianza na mama wa unga. Nilimwambia kwamba hakuwa yeye, na kwamba siku ile nilimjibu kwa kiburi. Aliendelea kupima unga wake, akasema, "Nilikuwa nimeshanunua mengine. Lakini umefanya vizuri kuja." Dereva wa Vwawa hakutaka kunisikiliza; aliniambia nikaseme redioni, huko ndiko nilikosemea. Nilikwenda redioni. Wakanieleza kwamba tangazo ni la aliyelileta, na kama nataka kutangaza la kwangu nijaze fomu. Wapo niliowakuta wameshayatupa, wapo waliosema yao hayajaleta shida yoyote, na mmoja aliniuliza kama naweza kumwombea punguzo dukani.

Kwa Mwalimu nilikwenda na matairi yangu mawili ya mbele, yalikuwa bado na maisha. Gari lake lilikuwa limenyooshwa. Nilitegemea atakataa. Hakukataa. Alivaa miwani, akachuchumaa kwa taabu, akasoma yale maandishi madogo neno kwa neno, akayatafsiri kwa Kiswahili kwa sauti, kisha akasema, "Haya yafungwe." Mke wake alikuwa amekaa barazani anachambua maharage kwa mkono mmoja. Ule mwingine uliunga, lakini uliunga vibaya, mpaka leo haunyooki wote. Alinikaribisha chai. Hakuwahi kunilaumu, nami sikuwahi kuzoea kukaa mbele yake.

Tangazo lilikwisha lenyewe, mzigo ulipokwisha. Lilikuja jina jingine la matairi, na sauti ya mwanamume.

Miezi kadhaa baadaye kulikuwa na msiba Mbebe, mama wa mwenzetu mmoja wa darasani. Wanawake tulikuwa tumekaa kwenye mikeka nyuma ya nyumba tunamenya ndizi za kupikia waombolezaji. Rafiki yangu alifika, akavua viatu, akatafuta nafasi, na nafasi iliyokuwepo ilikuwa pembeni yangu. Alikaa. Nikamsogezea kisu. Tulimenya muda mrefu, majimaji ya ndizi yanatuganda mikononi, na wenzetu wakafanya kama hawatuoni.

"Nimeona umebadilisha matairi," akasema mwishowe, chini chini.

"Nimebadilisha."

"Umenunua wapi?"

"Vwawa."

Akamenya ndizi moja yote kabla ya kusema tena. "Ungekuja kwangu ningekupa mazuri. Wewe siwezi kukupa mabaya, unajua."

"Najua," nikamwambia. "Najua unajua yapi ni mazuri. Hilo ndilo linaloniuma."

Aliangalia kisu chake, akakipangusa kwenye ganda, akachukua ndizi nyingine. Mtu akaja na sufuria kubwa, tukainua karai la ndizi sisi wawili, yeye upande ule na mimi upande huu, tukalimimina. Kisha kengele ya ibada ikapigwa, tukaenda kunawa, kila mmoja kwenye ndoo yake.